Tao la Mkono

Saa tisa usiku, Łódź imejifunika ukungu
na rejeta inagonga kama mtu aliyesahau funguo,
kompyuta ilifungua mlango yenyewe
ikapokea kiendeshi kipya.
Sikuulizwa. Au labda niliulizwa, mwezi wa Agosti,
nikaitikia kama fundi cherehani mwenye pini mdomoni.

Mgeni njoo, mwenyeji apone, husemwa.
Mgeni huyu aliingia akahamisha samani:
kitufe cha ubavuni mwa kalamu, kilichokuwa kifutio,
sasa kinafungua menyu nisiyoiomba;
gurudumu la kukuzia picha linazunguka kinyume;
kishale kinatembea kushoto kwa ncha,
kivuli kilichogombana na mwili wake.
Na lile tao, tao la mgandamizo,
nililolipinda nukta kwa nukta miaka sita iliyopita
hata kalamu ikajua kunong'ona,
limenyooshwa.
Mstari wa mtu yeyote, kona hadi kona.

Na mimi nina uyoga mezani.
Kitabu ni cha waokotaji, cha kutiwa mfukoni msituni,
na Bwana Sławoj anausubiri ukurasa wenye sumu
kabla ya Ijumaa.
Pete ya shinani mwake ni nyembamba kuliko unywele.
Nikiichora nene, itafanana na ya nduguye
anayekaangwa kwa siagi na kitunguu,
na bibi mmoja huko Białystok, nisiyemjua,
ataweka kikapu chini na kuuamini mkono wangu.
Pikseli mbili za ziada
zinaweza kuketi mezani na familia.

Nikampigia Witold, mpwa wangu. Alikuwa anapiga mswaki.
"Shangazi, ondoa kwanza. Zima. Washa. Ndipo uweke."
Nikaondoa, nikazima, nikawasha, nikaweka.
"Una nakala rudufu?"
Ninayo. Faili liitwalo MKONO, la Machi ya zamani.

Vitufe vikarudi vitini
kama wanafunzi waliosikia hatua za mwalimu.
Kishale kikapatana na ncha.
Nikaichora pete.
Ilitoka hafifu, ikakatika mara mbili.
Nikakandamiza, ikaja,
na maumivu ya kifundo yakaja nayo, yale yale
niliyoyazoea mpaka nikayaita uzee.

Hapo nikaiweka kalamu chini.

Januari ya mwaka juzi niliteleza kwenye barafu
mbele ya kituo cha tramu, mfuko wa viazi ukamwagika,
watu wakaokota viazi kwanza.
Daktari aliunga mfupa. Jirani, Bi Jadwiga, aliarifiwa,
Sławoj aliarifiwa, hata posta.
Kiendeshi hakikuambiwa.
Siku zote hizi nimechora kwa mkono wa mwanamke
ambaye bado hajaanguka,
na tofauti nikiilipa kwa mshipa.

Barua kwa kampuni nilikuwa nimeianza:
"Waheshimiwa, kwa masikitiko makubwa..."
Nikaifuta. Masikitiko yalikuwapo,
anwani ndiyo iliyokosewa.

Nikaurudisha ule mstari mnyoofu, wa mtu yeyote,
nikaanza kuupinda.
Huku chini, ambako mguso ni pumzi tu, nikainua.
Nikajaribu. Mnene.
Nikashusha kidogo. Nikajaribu.
Kipande cha limau kikazama katika chai baridi,
tramu ya kwanza ikapita ikiwa tupu, taa zote zinawaka.
Mara ya kumi na saba, au kumi na tisa,
wino ulitoka kabla sijauomba
na kifundo kikanyamaza.

Faili jipya nimeliita MKONO WA NOVEMBA.
Wa Machi sijui utakuwaje.

Sasa pete imekaa, nyembamba, haina huruma.
Kofia ya kijani inayofifia kuelekea ukingoni,
matamvua meupe chini yake, moja moja.
Kwenye kona ya skrini kitu kinapepesa:
toleo jipya zaidi lipo, lina maboresho.
Nikumbushe kesho, nabofya.
Sumu kwanza.